Ukurasa wa Shimo la Mtama

Watu wakijua kwamba mimi ndiye niliyeandika vile vitabu vidogo vya historia walivyosoma shuleni, huniuliza swali moja tu: mambo yote yale uliyajuaje? Huwajibu kwamba niliwauliza wazee. Jibu hilo ni la kweli, ila lina pengo, na pengo hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo, maana nimezeeka na sina tena mtu wa kumwogopa.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Dodoma. Vitabu vya historia vilikuwa haba, na vile vilivyokuwepo vilianza Mjerumani alipofika na kuisha alipoondoka, utadhani sisi tulikuwa tumesimama kando ya njia tunamngoja apite. Nilichukia. Hasira zangu ziko karibu, hata marehemu mume wangu alikuwa akisema nikianza kuosha vyombo kwa kelele, mwenye akili atafute pa kwenda. Basi nikaosha vyombo wiki nzima, kisha nikakaa kuandika. Kitabu cha kwanza kilihusu wapagazi, cha pili kilihusu ujenzi wa reli. Watoto walivipenda kwa sababu humo mlikuwa na watu wanaokula, wanaogombana, wanaoumwa na viroboto. Walimu wa wilaya za jirani wakaanza kuviagiza. Siku moja sokoni nikamsikia mtoto akimnong'oneza mama yake, "Yule ndiye mwalimu wa vitabu," na kichwa kikanivimba, sikatai.

Cha tatu kilihusu vita vya Wajerumani na Waingereza, vilivyopita katika nchi yetu watu wakiwa hawajui hata kinachogombaniwa. Habari zake nilizipata kwa bibi yangu, mama mzazi wa baba. Aliolewa angali msichana, Mjerumani bado anatawala, katika kijiji chetu kilicho upande wa Gulwe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni. Kila likizo nilipanda treni Dodoma, nikashuka Gulwe, nikavuka mto wa mchanga, ule usio na maji ila wakati wa mvua, nikamkuta ameketi mlangoni mwa tembe lake akipepeta. Tembe ni ile nyumba yetu ya miti na udongo yenye paa bapa, na ng'ombe hulala katika zizi lililo uani. Bibi alikuwa mtu wa maneno. Aliniita mke mwenzake, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila nilipofika alinilaumu kwamba nimemwachia peke yake kazi ya kumlilia mume wetu, yaani babu, aliyekuwa amekufa miaka mingi.

Yeye alisema Kigogo, mimi nikaandika Kiswahili. Alinieleza jinsi alivyoletwa kwenye nyumba ile miaka michache baada ya reli kupita, jinsi wanaume walivyorudi kutoka kwenye kazi ya reli mabega yamechubuka, jinsi watoto walivyofundishwa kukimbilia vichakani wakiona kofia ya askari. Alinieleza habari za jumbe, mtu wa hapo hapo kijijini ambaye serikali ilimpa kazi ya kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Zizi lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto wa mchanga. Watu walimwamkia kwa adabu na kumsengenya kwa bidii.

Vita vilipoanza, askari walikuja kuchukua nafaka na ng'ombe wa kuwalisha wenzao, na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka wa kwanza walichukua, wakabakiza. Watu walipoona dalili kwamba askari watarudi, jumbe aliita wazee akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kinywani mwake: tuchimbe shimo katika zizi langu, kwa kuwa zizi la jumbe hakuna atakayelipekua. Wakachimba. Wakasiriba kwa udongo na majivu mpaka likawa gumu kama chungu, na wanawake wakapeleka mtama mchana kweupe, wakiubeba kwenye mitungi kama watu wanaotoka kisimani, majani yamefunika juu. Bibi alipeleka mitungi saba ya nyumba yao. Shimo likafunikwa kwa miti na ngozi, udongo ukafuata, samadi ikatandazwa juu. Ng'ombe walipolala siku mbili tatu, hata waliochimba hawakujua mahali penyewe mpaka wapime kwa hatua kutoka mlangoni.

"Askari wakaja asubuhi," bibi alisema, "pamoja na Mdachi, Mjerumani wao, juu ya nyumbu. Wakapekua nyumba zote, hawakukuta kitu. Kisha mtu mmoja akawaonyesha."

"Mtu gani, bibi?"

Hakujibu. Alichukua punje moja kutoka kwenye ungo, akaitazama, akairudisha.

"Mtu."

"Wa wapi?"

"Wa hapa hapa," akasema, kisha akainuka kwenda kutazama mboga yake ya mlenda jikoni. Jioni nilimuuliza tena, akasema mlenda umezidi magadi. Kesho yake nilimuuliza mara ya tatu, akaniuliza lini nitamletea chumvi nzuri kutoka mjini. Katika daftari langu, mahali pa jina la mtu yule, pakabaki mstari mtupu.

Mwandishi mwenye busara angeuacha mstari vile vile. Mimi nilipanda treni nikiwa na jibu tayari, na kufika Dodoma nilikuwa nimelipenda. Nilijiambia bibi anaogopa. Ukoo wa jumbe bado ulikuwepo pale ng'ambo, ukoo mkubwa wenye ng'ombe, na mjane mzee hataki ugomvi na jirani. Halafu, angeonyesha nani tena isipokuwa mtu wa serikali, na shimo lilikuwa zizini mwake? Katika vitabu vyangu viwili vya kwanza kila jumbe alikuwa mbaya, na huyu wa tatu aliingia humo bila taabu. Nikaandika: *Jumbe alinyoosha fimbo yake, akaonyesha katikati ya zizi lake mwenyewe.* Jina lake nikaliweka, nikisema historia ya kweli huwa na majina. Sentensi ile niliipenda mno, hata nikawasomea walimu wenzangu wakati wa chai.

Kitabu kikatoka, na kikapendwa kuliko vile viwili. Watoto wanapenda msaliti.

Mwaka uliofuata, mwalimu mkuu wa shule ya kule kwetu, ng'ambo ya mto wa mchanga, aliniandikia nije niwasikilize watoto wa darasa la tano wakikisoma. Nilivaa gauni langu zuri. Walinipigia makofi, wakanipa kiti cha mwalimu, wakaanza kusoma kwa zamu, kila mmoja ukurasa wake. Zamu ikamfikia msichana mmoja mwembamba wa dawati la mwisho. Akasimama na kitabu, hakusoma.

"Soma," mwalimu akasema.

"Ukurasa huu siusomi."

"Mbele ya mgeni? Soma, nimesema."

"Unamtukana babu yake babu yangu," msichana akasema, kisha akajisahihisha, maana alikuwa mtoto anayetaka mambo yawe sawa. "Baba yake babu yangu. Aliyeandika ndiye huyu."

Darasa zima likaniangalia. Mwalimu akataka kumtoa nje, nikamzuia, sijui hata niliongea nini. Wakati wa mapumziko nikatoka nikaona mambo yalivyo. Watoto walikuwa wameketi na viazi vyao na ubuyu wao, na kila yule msichana alipopita karibu walifunika chakula kwa mikono, wakicheka, "Ficha, ficha, ataonyesha askari." Mchezo huo niliwaletea mimi. Yeye alipita wima, akaenda kusimama peke yake ukutani, na mimi moyo uliniuma nikaona aibu hata ya gauni langu.

Watoto walipotoka, mzee mmoja alinikuta kwenye uwanja wa shule. Alikuwa mrefu, mwenye mguu mmoja mbovu, na shuka lake begani limekunjwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye babu wa yule msichana. Jumbe wa kitabu chako ni baba yangu mzazi."

Hakupandisha sauti hata mara moja, na bora angenigombeza.

"Siku ile nilikuwa mtoto," akasema. "Mama alinificha ndani ya tembe, lakini nilisikia. Walipofukua lile shimo walimlaza baba yangu pale pale kwenye samadi, wakamchapa kiboko kwa kosa la kuficha nafaka. Hakutembea vizuri tena. Mvua zilipoanza tulimzika. Sasa nataka mwalimu unifundishe: mtu aliyewaonyesha askari shimo, walimchapa kwa lipi?"

Swali lenyewe mtoto wa darasa la pili angeliuliza. Mimi, mwenye vitabu vitatu, sikuwahi kujiuliza.

"Nani basi aliyeonyesha?"

"Sikumwona. Baba alijua, akakataa kusema mpaka anakufa, akawakataza na waliokuwepo, alisema tutauana. Waliokuwa uani siku ile wamekufa wote, amebaki bibi yako."

Nikamwambia nitamuuliza, na kwamba kitabu kitakapochapishwa tena nitasahihisha ukurasa ule. Akatikisa kichwa.

"Kitabu ndicho kilichodanganya. Kesho kikisema kweli nitakijuaje? Sitaki barua wala kitabu kingine. Nataka aliyeona aje aseme kwa mdomo wake, nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu. Huyu msichana ameniambia hataki tena shule."

Nilivuka mto wa mchanga viatu mkononi. Bibi nilimkuta pale pale mlangoni, na ungo. Hakujua kusoma, na mimi, kwa haraka zangu za mjini, sikuwahi kumsomea kitabu nilichokitoa kinywani mwake. Nikakaa chini nikamsomea ukurasa ule, nikiugeuza Kigogo. Nilipofika kwenye fimbo ya jumbe, ungo ulisimama.

"Hayo nani kakwambia?"

"Wewe, bibi."

"Mimi?"

"Ulinyamaza. Nilikuuliza mara tatu, ukanyamaza."

"Nilinyamaza, ndiyo," akasema. "Mke mwenzangu, wewe umesoma mpaka umepitiliza. Mimi niliolewa katika nyumba hii. Ningesemaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mara moja. Tangu utoto wangu nilijua kwamba mwanamke wa kwetu aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hata amtafute akiwa amepotea porini, hatamwita kwa jina, na akilazimika kumtaja atamwomba mtoto amsemee. Nilikuwa nimemwona mama yangu akifanya hivyo, na mama yangu mkubwa. Lakini nilipelekwa shule ya bweni mdogo, nikaolewa Kondoa kwa watu wengine wenye taratibu zao, na siku bibi aliponyamaza mbele yangu nikaona woga mahali ambapo Mgogo yeyote asiyejua hata kusoma angeona adabu.

"Ni babu mzaa babu," nikasema. "Baba mkwe wako."

Akavuta kanga akajifunika kichwa. "Mtaje wewe. Wewe ni mjukuu wake, huna mwiko naye."

Nikalitaja jina lake. Hapa silirudii, kitabuni sasa limo. Bibi alisikiliza ameinama, na nilipomaliza akaanza kusimulia upya, safari hii bila kuruka.

Askari walipokosa nafaka waliamua kuchukua vijana. Walikuwa na kamba ndefu, wakawafunga shingoni mmoja baada ya mwingine, watano au sita, na wa tatu katika kamba alikuwa mume wake. Walikuwa wameoana hata mwaka haujatimia. Kijiji chote kilijua vijana wanaobeba mizigo ya vita wanakwenda wapi, maana waliochukuliwa mwanzo hakuna aliyerudi. Na yule baba mkwe alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, wengine walikwenda na ndui.

"Alisimama pale," bibi akasema, akionyesha mahali penye kuku sasa. "Alimtazama mwanawe kwenye kamba. Kisha akatembea, akavuka mto, askari wakamfuata, na sisi wote nyuma. Akaingia kwenye zizi la jumbe. Akamsukuma ng'ombe mmoja aliyekuwa amelala juu yake. Akachomeka fimbo kwenye samadi. Hakutamka neno, si la Kigogo wala la Kiswahili. Wakafukua. Kisha wakamfungua mume wetu, yeye peke yake, wale wengine wakaenda."

"Na jumbe?"

"Jumbe alimtazama, akalala chini mwenyewe kabla hawajamsukuma. Hakusema, 'Ni huyu aliyelijaza pamoja nasi.' Angesema, wangechapwa wazee wote."

Njaa ya mwaka ule nilikuwa nimeiandika vizuri, kurasa nne, na watoto waliokula mizizi na ngozi za kulalia. Nilikuwa sijui kwamba ninaandika juu ya mtama uliolipa maisha ya babu yangu. Baba yangu alizaliwa mwaka uliofuata. Sikuhitaji daftari kufanya hesabu hiyo, niliifanya pale pale nikiwa nimetazama kuku.

"Kwa nini hukuniambia hata kwa kuzunguka?" nikauliza, na najua sauti yangu ilikuwa ya ugomvi. "Nimemchafua mtu, bibi. Kuna mtoto hali na wenzake."

"Nimsemee vibaya baba mkwe wangu, nyumbani kwake, mimi niliyeletwa hapa kwa ng'ombe wake? Alinitunza. Nilipojifungua baba yako alinichinjia." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Sikukutuma umtaje mtu mwingine. Nilikuachia nafasi. Wewe ndiye uliyeijaza."

Nikamwambia anachotaka yule mzee. Akaendelea kupepeta. Baba yangu alipokuja na kusikia, alifoka mpaka majirani wakatoka: nimekuja kuwavua nguo, marehemu waachwe walale, mama yake hawezi katika uzee huu kulazimishwa kuvunja mwiko alioushika tangu usichana. Mimi nikasema nitakwenda mimi, nitalitaja mimi. Bibi akasema wewe hukuwepo, na wanakujua kwamba unabuni. Lilinichoma, maana alilisema bila hasira. Siku mbili nzima hatukulizungumza. Nilimsaidia kupepeta, akanikosoa namna ninavyoshika ungo, na kila mara nikainua macho kutazama ng'ambo ya mto, nikifikiria kama yule msichana amekwenda shule.

Siku ya tatu asubuhi alitoka amevaa kanga safi na ushanga wake wa zamani. Akaniambia nimbebee kigoda.

Tulikwenda polepole, mchanga ulikuwa mzito miguuni kwake. Baba alitufuata kwa mbali, kisha akatufikia, akamshika mama yake mkono. Kwa yule mzee tulikuta wameshakusanyika, wanawe, wake zao, wajukuu. Tukasalimiana, mbukwa, mbukwa, salamu ndefu za kwetu, habari za mifugo na za mvua. Wakamletea bibi maziwa kwenye kibuyu. Akakiweka chini.

"Nitakunywa nikimaliza," akasema.

Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama, akajifunika kichwa kwa kanga mpaka usoni, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Nikasogea nimsaidie, nilitaje mimi yaishe, na yule mzee akainua kiganja kunizuia, nikasimama. Kwa muda ule nilimchukia yule mzee, nikajichukia na mimi.

Kisha bibi akalitamka. Jina lote, na jina la baba yake juu yake, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mmoja wa wake za wana wa yule mzee akaziba masikio, kwa heshima.

"Huyo ndiye aliyeonyesha shimo," akasema. "Jumbe hakuonyesha. Jumbe alichapwa, nami niliona. Alichapwa kwa ajili yetu sote na akanyamaza."

Nilidhani amemaliza. Sote tulidhani. Yule mzee alikuwa ameshaanza kuinuka.

"Bado," bibi akasema. Akaiteremsha kanga, uso ukawa wazi. "Walipomfungua mume wangu, nilifurahi. Ninyi huku mlikuwa mnalia, na wale wengine wanaondoka na kamba shingoni, na mama zao wanawafuata. Mimi nilifurahi. Nilimpikia. Hilo ndilo nililolificha, kuliko jina."

Nililia, na baba yangu alilia, mtu mzima wa makamo, mbele ya watu wasio wa ukoo wake.

"Mwaka ule tulizika watatu katika boma hili," yule mzee akasema. "Baba, na dada zangu wawili."

"Najua," bibi akasema. "Nilikuja kuzika. Nilikuja mara tatu."

"Nakumbuka. Ulimletea mama maboga."

Akainama mwenyewe, na mguu wake mbovu, akakiokota kibuyu cha maziwa akampa mkononi. Bibi akanywa chote. Akaketi kwenye kigoda, akaonekana mdogo sana, akaomba maji ya kusukutua.

Yule msichana alikuwa amesimama nyuma ya babu yake tangu mwanzo. Akaingia ndani, akatoka na kitabu changu na kalamu ya wino ya shule. Akafungua ukurasa ule bila kutafuta, akauweka magotini mwangu. Nikaikata ile sentensi niliyoipenda, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake nikaandika jina la babu mzaa babu yangu. Mwandiko ukawa kama wa mtoto. Akauchukua, akausoma kwa kidole, midomo ikicheza.

"Huyo kijana aliyefunguliwa," akasema, "ndiye babu yako?"

"Ndiye."

Akafikiri. "Kwa hiyo pasingekuwa na mtama wetu, usingekuwepo."

"Nisingekuwepo," nikamwambia.

Akanirudishia kitabu, na kalamu.

"Basi liandike na hilo."

Nikaliandika.